Kompyuta Hujuaje Kwamba Mkono Umetulia?

Wazee wetu walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Siku hizi neno hilo limepata makao mapya katika ofisi, benki na vyumba vya kompyuta. Maana mashine iliyo mezani nayo hutaka kujua: Je, mtu wangu yupo, au ameondoka? Ikiona hayupo, huzima mwanga wa skrini, au hufunga mlango wa hesabu yake ya benki, au huandika katika daftari lake kwamba fulani hakufanya kazi kwa dakika kadha wa kadha.

Msomaji mpenzi, huenda umeliona jambo hili bila kulifikiri. Umeacha simu mezani, mara skrini ikawa nyeusi. Umefungua ukurasa wa benki, ukaitwa nje kidogo, na uliporudi ukaambiwa uandike tena neno lako la siri. Hapana uchawi ndani yake. Mashine ina njia moja rahisi ya kukupima, na mtu akiifahamu njia hiyo ataweza kuitumia kwa faida yake, tena ataweza kujitetea ikitumiwa vibaya. Hayo ndiyo tutakayoeleza hapa, kwa ajili ya wanafunzi wanaojifunza kuandika programu, na kwa ajili ya baba na mama ambao watoto wao wamepata kazi ya ofisini hapa Lubumbashi.

Haja ya kwanza: kulinda kioo

Zamani skrini za kompyuta zilikuwa nene, na kioo chake kilipakwa ndani dawa iliyong'aa ilipopigwa na elektroni. Picha ile ile ikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi, siku baada ya siku, dawa hiyo ilichakaa, na kivuli cha maandishi kilibaki kimechorwa katika kioo. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, John Socha, alitoa programu ndogo kwa ajili ya kompyuta za IBM. Kazi yake ilikuwa moja tu: mtu asipogusa kibodi kwa dakika 3, skrini izimwe, akigusa tena, iwashwe.

Tazama jinsi wazo lenyewe lilivyo jepesi. Programu ile haikumtazama mtu, wala haikumsikiliza. Ilingoja kidole chake tu. Kidole kikichelewa, ilisadiki kwamba mwenyewe hayupo.

Baadaye kibodi ilipata mwenzake, kipanya. Chombo hiki kilibuniwa Marekani na Douglas Engelbart na wenzake katika miaka ya 1960. Kipanya cha kwanza kilikuwa na gamba la mti, na tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha chombo hicho mbele ya mkutano mkubwa mjini San Francisco. Kipanya kilipoenea duniani, mashine ikawa na mashahidi wawili wa kuiambia kwamba mtu yupo.

Hesabu ya kutoa

Sasa tuangalie kazi ya mashahidi hao. Kidole kinapobonyeza kitufe cha kibodi, kibodi hupeleka namba ya kitufe hicho ndani ya kompyuta. Mkono unaposukuma kipanya, nacho hupeleka namba zinazosema kimekwenda kiasi gani kulia au kushoto, mbele au nyuma. Programu kuu inayotawala mashine, kama vile Windows, hupokea habari hizo zote, na kila inapopokea mpya hutia alama ya wakati. Alama mpya huifuta ya zamani. Kwa hiyo mashine inajua daima mguso wa mwisho ulitokea lini.

Basi programu ndogo inayotaka kujua kama mtu yupo haina haja ya kusoma anachoandika. Huuliza maswali mawili tu: Sasa ni saa ngapi? Mguso wa mwisho ulikuwa saa ngapi? Kisha hufanya hesabu ya kutoa, kama mtoto wa darasa la pili. Tuseme mguso wa mwisho ulikuwa saa 3 na dakika 12 asubuhi, na sasa ni saa 3 na dakika 17. Kumi na saba toa kumi na mbili, yabaki tano. Mkono umetulia dakika 5, yaani sekunde 300. Kama mwenye programu aliweka mpaka wa dakika 5, basi mpaka umefika, na programu hufanya iliyoagizwa: hufunga skrini, au huandika katika daftari.

Katika Windows njia ya kuuliza swali hilo huitwa GetLastInputInfo, nayo imekuwapo tangu toleo la mwaka 2000. Wakati wake hauhesabiwi tangu usiku wa manane, bali tangu mashine ilipowashwa, tena kwa elfu za sekunde. Nafasi ya kuandikia namba hiyo ina mwisho wake: zikiisha siku 49 na saa 17 hivi, hesabu hurudi katika sifuri. Mwanafunzi anayeandika programu na alikumbuke hilo, asije akaletewa siku moja habari kwamba mtu ametulia kwa muda usiowezekana.

Mwanafunzi huyo aweza kuipanga skripti yake, yaani mfululizo wake mfupi wa amri, kwa hatua nne. Kwanza, aweke mpaka wa muda. Pili, aulize wakati wa mguso wa mwisho. Tatu, atoe wakati huo katika wakati wa sasa, alinganishe jibu na mpaka wake. Nne, kama mpaka haujafika, angoje sekunde chache arudie hatua ya pili. Kama umefika, atende alilokusudia. Mistari michache yatosha. Ugumu haumo katika kuandika, bali katika kuamua mpaka uwe dakika ngapi, na ukifika litendeke jambo gani.

Ukurasa wa intaneti nao una skripti zake. Nyingi huandikwa kwa lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Skripti ya ukurasa husikia yanayotokea ndani ya ukurasa wake: kipanya kikipita juu yake, kitufe kikibonyezwa, kidole kikigusa skrini ya simu. Hutega saa inayohesabu kuelekea sifuri, na kila mguso huirudisha saa hiyo mwanzo. Ikifika sifuri bila mguso wowote, ukurasa hufungwa. Lakini ukienda kuandika barua katika programu nyingine, skripti ile haioni lolote. Hudhani umeondoka, kumbe umekaa pale pale na kazi inaendelea.

Mwezi wa Septemba 2021 kampuni ya Google ilitia katika Chrome njia ya kuuwezesha ukurasa kuuliza kama mtu ametulia katika kifaa chake chote. Ukurasa hauna budi kuomba ruhusa ya mtu kwanza, na mpaka mfupi kabisa unaokubaliwa ni sekunde 60. Hata hivyo Mozilla na Apple walikataa kuitia njia hiyo katika vivinjari vyao, kwa kuhofia faragha ya watu. Na hofu hiyo si bure. Ajuaye kila siku mkono wako huanza saa ngapi na hutulia saa ngapi, amekwisha kujua saa yako ya kuamka, ya kula na ya kulala.

Faida yake ni kubwa

Mtu asidhani kwamba hesabu hii ni mbaya kwa asili yake. Mlango unaojifunga wenyewe nyuma ya mtu aliyesahau ni mlango mwema.

Fikiri juu ya mwanafunzi asiye na kompyuta yake. Huenda katika nyumba ya intaneti, ile ambayo watu huiita saiba, afungue barua zake na kuchapisha kazi ya shule. Pesa zake zikiisha, huinuka upesi, akasahau kutoka katika sanduku lake la barua. Mtu mwingine akikalia kiti kile, atazikuta barua zote wazi, na pengine namba za benki za baba yake. Kama mwenye nyumba ameweka skripti ya kufunga mashine baada ya dakika 2 au 3 za kutulia, mwanafunzi huyo ameokoka na madhara ya kusahau kwake.

Kadhalika katika benki na maduka. Kanuni za kimataifa za kulinda kadi za benki huagiza kwamba, katika mashine zenye habari za kadi hizo, mtumishi akitulia zaidi ya dakika 15, aingie upya kwa neno lake la siri. Kanuni hiyo haimshtaki mtumishi kwa uvivu. Inamlinda yeye pamoja na mwenye fedha, maana wizi ukitendeka katika mashine iliyoachwa wazi, jina litakaloonekana ni la yule aliyeifungua.

Kapita asiye na macho

Ugumu huanza pale hesabu iliyotungwa ili kufunga mlango inapogeuzwa kuwa hesabu ya kupimia bidii ya mtu.

Sisi wa Lubumbashi tunazijua habari za kuhesabiwa kazini. Mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulikua kwa ajili ya shaba, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911. Kazini alikuwapo kapita, msimamizi aliyejua nani amekuja na nani amekosa. Kapita aliweza kuwa mkali, hata kuwa dhalimu, lakini alikuwa na macho. Akimwona mtu amesimama, aliweza kuona vilevile kwamba koleo lake limevunjika, au kwamba anamsaidia mwenzake aliyeumia mguu.

Kapita wa siku hizi aweza kuwa programu. Katika ofisi nyingi duniani hutumika Microsoft Teams, na mtu akitulia dakika 5 mbele ya kompyuta yake, alama yake ya kijani hugeuka kuwa ya manjano, wenzake wote wakaiona. Vijana wanaotafuta kazi katika intaneti hukutana na Upwork, kampuni ya Marekani inayokutanisha wenye kazi na wafanyakazi wa nchi nyingi. Kwa kazi ya malipo ya saa, programu yake hupiga picha ya skrini mara moja katika kila dakika 10, yaani picha 6 kwa saa, tena huhesabu vitufe vilivyobonyezwa na mara kipanya kilipobofywa. Kijana wa Lubumbashi aweza hivi kusimamiwa na mtu aliye ng'ambo ambaye hataonana naye kamwe.

Sasa tufikiri. Karani wa hesabu anasoma mkataba wa kurasa 30, na mkono wake umetulia. Mwalimu amefungua orodha ya alama katika kompyuta, lakini yuko anasahihisha madaftari ya karatasi kando yake. Fundi wa mitambo ameshika kalamu, anafikiri kwa nini pampu haivuti maji. Mtumishi wa ofisi ya wateja yuko katika simu na mama aliyepotelewa na fedha zake, anamsikiliza kwa upole. Wote wanne, kwa hesabu ya kapita huyu, hawakufanya kazi. Na kijana wa meza ya pembeni, anayepandisha na kushusha kurasa za habari za mpira asubuhi nzima, ameandikwa kuwa mwenye bidii.

Hili ndilo neno ambalo kila mtu ayapasa kulishika. Mashine yajua kwamba mkono umetulia. Haijui kwa nini umetulia, na katika hilo kwa nini ndimo ulimo ukweli wote wa kazi.

Hapa kwetu kuna jambo jingine pia. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika. Intaneti ikipotea, habari hazifiki. Msimamizi aliye mbali ataona pengo tupu katika daftari, naye hatajua kama pengo hilo ni la usingizi au la waya.

Hukumu iliyotolewa Ufaransa

Jambo hili lilikwisha kufika mbele ya wakuu. Mwezi wa Desemba 2024, huko Ufaransa, mamlaka ya kulinda habari za watu, iitwayo CNIL, iliitoza kampuni moja ya nyumba na viwanja faini ya yuro 40,000. Programu ya kampuni hiyo ilikuwa ikipiga picha za skrini za watumishi, tena ilihesabu kwamba mtu hafanyi kazi kila alipokaa bila kugusa kibodi wala kipanya kwa muda uliowekwa, kati ya dakika 3 na 15. Dakika hizo, mtumishi asipozieleza wala kuzifidia, ziliweza kukatwa katika mshahara wake. CNIL ilikataa hesabu hiyo. Ilieleza kwamba muda usio na mguso waweza kuwa muda wa kazi kamili, kama vile mkutano au mazungumzo ya simu.

Faini hiyo si kubwa kwa kampuni, lakini hoja yake ni nzito. Kumkata mtu mshahara kwa sababu kipanya chake kilitulia ni kumlipa mtu kwa mtikisiko wa mkono, si kwa kazi yake.

Hila za watumishi

Lakini tusiseme upande mmoja tu. Watumishi nao wamebuni hila zao. Vipo vyombo vidogo vinavyokisukuma kipanya bila mtu, na zipo programu zinazoiga vidole. Wengine hulaza kipanya juu ya saa ya mkono. Mshale wa sekunde hupita chini ya mwanga wake, nacho hudhani kinasukumwa. Mwenyewe yuko sokoni, na alama yake ingali kijani.

Hila hizi hazidumu. Mkono wa mwanadamu hauendi sawasawa: huchelewa, huharakisha, hukosea na kurudi. Mwendo wa chombo huwa wa namna moja, na programu nyingine zimefunzwa kuutambua. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa imewaondoa kazini watu zaidi ya 12, kwa neno la kuiga matumizi ya kibodi ili waonekane wanafanya kazi. Kipimo kibovu hakimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Aliyepokea mshahara wa siku ameahidi kazi ya siku. Kama kipimo kina kasoro, njia ya mtu mwaminifu ni kuisema wazi kasoro hiyo, wala si kuilisha mashine uongo.

Hata hivyo mabwana nao na wajiulize. Anayehesabu miguso atapata miguso. Anayehesabu kazi iliyokwisha atapata kazi.

Sheria yasema nini?

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha pamoja na siri ya mawasiliano yake. Tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ilipata pia sheria kuu juu ya mambo ya dijitali, yenye sehemu juu ya ulinzi wa habari za watu. Jirani zetu nao wana sheria za namna hiyo: Kenya na Uganda tangu mwaka 2019, Tanzania tangu mwaka 2022. Katika nchi nyingi sheria za jamii hii zina mzizi mmoja: mtu ajulishwe habari zipi zake zinakusanywa na kwa kusudi gani, na zisikusanywe kupita kusudi hilo.

Kwa hiyo kijana anayepewa kompyuta ya kazi aweza kuuliza, kwa adabu na bila hofu, maswali manne. Je, kuna programu inayopima kutulia kwangu? Mpaka wake ni dakika ngapi? Nani husoma daftari lake, na hulihifadhi kwa muda gani? Na ikiandikwa kwamba nilitulia, nitapata wapi nafasi ya kueleza? Ni vizuri majibu yaandikwe. Mwajiri mwenye haki hataona shida kuyajibu, maana maswali hayo yamsaidia yeye pia kujua anachokipima.

Naye mwenye ofisi, hata kama ana mashine tatu tu, na aweke mpaka unaofaa kazi yenyewe. Skrini ya mahali penye wageni wengi yaweza kufungwa baada ya dakika 2. Ya mtu anayesoma na kufikiri, na iachiwe muda mrefu zaidi. Na daftari la mashine likionyesha jambo la ajabu, na amwite mtumishi na kumwuliza kabla ya kumhukumu.

Nyumbani na shuleni

Wazazi wapenzi, waonyesheni watoto jinsi ya kuweka muda wa kujifunga katika simu za nyumbani. Sekunde 30 au dakika 1 zatosha. Simu iliyookotwa imefungwa haimfai mwizi sana. Iliyo wazi humpa barua na fedha zenu.

Nanyi wanafunzi, msingoje mashine iwafungie. Katika kompyuta ya Windows, kabla ya kuinuka, bonyezeni pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi L. Skrini itafungwa papo hapo. Katika saiba, tokeni kwanza katika kila ukurasa mlioingia kwa neno la siri, kisha ndipo mwinuke. Na wale miongoni mwenu watakaoandika programu hizi kesho, katika ofisi za mji huu au za mbali, mkumbuke mnapochagua idadi ya dakika kwamba upande wa pili wa kibodi yupo mtu, na huenda wakati ule anafikiri.